Mkono Unaohesabu Njia Zote

Gottfried Leibniz, mmoja wa watu wawili walioipa dunia kalkulasi, aliamini kwamba ukirusha dadu mbili, jumla ya 11 na jumla ya 12 zina nafasi sawa ya kutokea. Alisababu hivi: 12 hupatikana kwa njia moja tu, sita na sita, na 11 nayo kwa njia moja tu, tano na sita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyewahi kuchora jedwali la sita kwa sita haoni taabu kumkatalia. Katika ile miraba 36, sita na sita imekaa kwenye mraba mmoja. Tano na sita imekaa kwenye miwili, maana dadu ya kwanza yaweza kutoa tano na ya pili sita, au ya kwanza sita na ya pili tano. Basi 11 ina nafasi maradufu ya 12. Mwaka 1754 Jean d'Alembert naye, katika Encyclopédie aliyoihariri pamoja na Denis Diderot, aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Aliona matokeo matatu: kichwa kimetoka mara ya kwanza na mchezo umekwisha, kichwa kimetoka mara ya pili, au hakikutoka kabisa. Matokeo yenye uzito sawa ni manne, na jibu ni 3/4.

Nawataja wakubwa hawa kwa heshima zote. Akili hawakupungukiwa nayo. Walichokosa hapo ni kitu ambacho akili peke yake haikileti: mazoea ya kutandaza kila njia juu ya karatasi kabla ya kusema neno. Mazoea hayo huja kwa kufanya maswali, mengi, kwa peni, moja baada ya jingine, na ndiyo ninayotaka kuyasifu hapa. Vyuoni kwetu yanadharauliwa. Kozi ya utangulizi wa takwimu na uwezekano huchukuliwa kama kizingiti cha kuruka ili mtu afike kwenye uchumi wake, uuguzi wake au kilimo chake. Karatasi ya mazoezi hufunguliwa juma la mwisho kabla ya mtihani, na hata hapo hufunguliwa pamoja na majibu yake. Kwangu mimi karatasi hiyo ndiyo kozi yenyewe. Mihadhara inakuja kuisaidia tu.

Tazama mtu aliyezoea anavyolianza swali. Hagusi kikokotoo. Analisoma mara mbili, kisha anaandika nini hasa kinarushwa, kinachotwa au kinachochaguliwa, na kama kilichochotwa kinarudishwa kabla ya kuchota tena. Tukio analoulizwa analipa herufi. Akiona "angalau mara moja" anageuka upande wa pili wa ukuta: anatafuta uwezekano wa kukosa kabisa na kuutoa kwenye moja, kwa sababu kukosa kuna njia moja nyepesi na kupata kuna njia nyingi zenye kuchanganya. Kwa hila hiyo swali la kale la wacheza kamari, la aina ile iliyowafanya Blaise Pascal na Pierre de Fermat waandikiane barua mwaka 1654, linakwisha kwa mistari miwili. Dadu moja ikirushwa mara nne, kukosa sita kabisa ni 5/6 ikizidishwa yenyewe mara nne, yaani 625/1296. Kupata sita angalau moja ni 671/1296, kidogo juu ya nusu. Kabla ya kupiga mstari chini ya jibu anajiuliza kama lina sura ya ukweli. Uwezekano wa 1.3 haupo duniani, na mkono uliofunzwa hushtuka ukiuona kama mpishi anavyoshtuka akionja chumvi kwenye chai.

Dadu na sarafu zina ubaya mmoja: zinamfanya mwanafunzi adhani kwamba anacheza. Mimi ningetaka kila kozi ya mwaka wa kwanza Afrika Mashariki imfikishe mapema kwenye swali la selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo katika darasa lolote kubwa swali hili si la kubuni. Kila mtu hurithi kinasaba kimoja cha himoglobini kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Mwenye kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu haumwi. Wengi wa namna hiyo hawajui hata kwamba wamekibeba. Wawili kama hao wakioana, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi viwili vya selimundu na kuugua. Sasa wana watoto wanne. Je, uwezekano kwamba mmoja, mmoja tu, ni mgonjwa ni kiasi gani?

Karibu kila asiyefanya mazoezi husema moyoni kwamba jambo hilo lazima liwe, au lisipokuwa litakaribia kuwa. Moja kati ya nne, watoto wanne, basi mmoja. Kaa na peni uone. Mgonjwa anaweza kuwa wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne, njia nne. Kila njia ina 1/4 mara moja na 3/4 mara tatu. Zidisha, jumlisha, unapata 27/64, yaani 0.42. Familia isiyo na mgonjwa hata mmoja ni 81/256, yaani 0.32. Familia zenye wagonjwa wawili au zaidi huchukua sehemu iliyobaki, 0.26. Kwa hiyo lile tulilodhani ni lazima halitokei katika zaidi ya nusu ya familia za namna hiyo. Mwanafunzi aliyezipata namba hizi kwa mkono wake hatamwambia mama mwenye mtoto mmoja mgonjwa kwamba "zamu" imekwisha kuchukuliwa na watatu wajao watakuwa salama. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia. Maneno hayo ya zamu yanasemwa kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana yanahitaji mtu wa kuyasahihisha kwa upole na kwa hesabu.

Hapa wengi wangefunga daftari. Swali linaanza kunoga hapa. Katika familia hiyo yupo binti mkubwa, mzima, anayetaka kuolewa. Uwezekano kwamba amebeba kinasaba cha selimundu ni upi? Jibu la haraka ni nusu. Tandaza njia: kawaida kwa baba na kawaida kwa mama, kawaida kwa baba na selimundu kwa mama, selimundu kwa baba na kawaida kwa mama, selimundu kwa wote wawili. Njia nne, zenye uzito sawa. Binti haumwi, kwa hiyo ya nne tunaifuta. Zimebaki tatu, na mbili kati yake zina kinasaba hicho. Jibu ni 2/3. Anayesema nusu ama amesahau kuifuta njia ya nne, ama amezihesabu zile mbili za katikati kuwa njia moja, sawasawa na Leibniz alivyofanya na tano na sita. Karne tatu zimepita na mtego ni uleule.

Tuendelee. Binti ameolewa na mwanamume ambaye amepimwa na anajulikana kuwa amebeba kinasaba hicho. Mtoto wao wa kwanza ataugua kwa uwezekano wa 2/3 mara 1/4, yaani 1/6. Mtoto anazaliwa mzima. Je, habari hiyo njema inasema lolote kuhusu mama yake? Inasema. Wafikirie mabinti 12 wa aina yake: wanane wamebeba, wanne hawakubeba. Kati ya wale wanane, wawili watapata mtoto wa kwanza mgonjwa na sita mzima. Wale wanne wote watapata mzima. Wenye mtoto mzima ni kumi, na sita kati yao wamebeba kinasaba. Kutoka 2/3 tumeshuka hadi 3/5. Hivi ndivyo inavyofanya kazi kanuni iliyochapishwa mwaka 1763, baada ya kifo cha Thomas Bayes, kwa juhudi ya rafiki yake Richard Price. Vitabuni inakuja na msitu wa mabano na alama, na wanafunzi huikariri kama sala ya lugha wasiyoijua. Ukiipitia kwa mabinti 12 hutaikariri, utaijua. Nashauri alama zifuate baadaye, baada ya mkono kuzoea njia.

Ndiyo maana nalalamikia madesa, yale makaratasi ya muhtasari na ya maswali yaliyokwisha kufanywa. Si kwamba ni mabaya. Muhtasari mzuri wa fomula umewaokoa wengi na sapu. Lakini kuna udanganyifu mtamu katika kusoma swali lililokwisha kufanywa. Kila mstari unafuata uliotangulia, kichwa kinatikisika kwa kukubali, na msomaji anaondoka akiamini kwamba ameelewa. Hajaelewa. Hakuwa mbele ya karatasi tupu, pale ambapo hakuna mstari wa kwanza wa kufuata, na ugumu wote wa kazi hii umo katika mstari wa kwanza. Afadhali maswali machache uliyopigana nayo bila kuangalia jibu kuliko pepa za miaka kumi ulizozipitia kwa macho.

Na kupigana huko si lazima kuwe kwa upweke. Pita vyuoni jioni, kwenye vimbweta, msimu wa mitihani: pana kikundi cha diskasheni, na mmoja ameshikilia 1/2 na mwingine 2/3. Hesabu chache zinafaa kubishaniwa kuliko za uwezekano, kwa sababu kila upande una hoja inayosikika kuwa ya kweli. Mabishano yakiwa ya haki, huishia pale mmoja anapochukua karatasi na kusema, haya, tuziandike zote. Nampenda mtu huyo, awe nani. Nampenda pia yule mwalimu msaidizi anayesahihisha hatua badala ya jibu, anayempa alama nyingi mwenye njia nzuri aliyeteleza kwenye kuzidisha, na alama chache mwenye jibu sahihi lisilo na njia. Kazi yake ni ya kuchosha na haitangazwi popote, lakini bila yeye ufundi huu haurithishwi.

Waliobobea hawakuacha kuuheshimu mkono. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, akisumbuliwa na sampuli ndogo ambazo hesabu za zama zake hazikuziweza. Mwaka 1908, akitumia jina la Student, alitoa makala yenye mgawanyo ambao leo kila mwanafunzi wa takwimu anausoma kwa herufi t. Alikuwa na hesabu yake kwenye karatasi, lakini haikumtosha. Alichukua vipimo vya urefu na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, akavichanganya, akavichota, akapata sampuli 750 za watu wannewanne, akalinganisha na alichokikokotoa. Kompyuta haikuwapo. Nikimfikiria ameinamia vile vipande naona zoezi la mwanafunzi, lililofanywa na mtu aliyekuwa anakiandika kitabu wengine watakachofanyia mazoezi.

John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini, alikuwa Copenhagen Wajerumani walipoivamia Denmark mwaka 1940, akawekwa kambini. Humo alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Kitabu kilichozaliwa na kazi hiyo kilitoka mwaka 1946. Katika mara 100 za kwanza alipata vichwa 44, sita pungufu ya nusu. Katika mara 1,000 alipata 502. Katika mara 10,000 alipata 5,067. Mwanafunzi azitazame namba hizi kwa muda mrefu, kwa sababu kuna jambo ndani yake ambalo mhadhara hautoshi kulifundisha. Tofauti na nusu kamili ilikuwa vichwa 6, na mwishoni ikawa 67: imekua. Lakini sita katika mia ni asilimia 6, na 67 katika elfu kumi ni chini ya asilimia 1: imesinyaa. Sarafu hailipi deni la vichwa ilivyokosa mwanzoni; mirusho mingi inalimeza tu.

Kisha mwanafunzi auulize mkono wake swali moja zaidi. Je, 67 ni nyingi mno kwa sarafu isiyo na hila? Katika mirusho 10,000, mkengeuko sanifu wa idadi ya vichwa, yaani kipimo cha jinsi idadi hiyo inavyotawanyika kuzunguka 5,000, ni kipeuo cha pili cha 10,000, yaani 100, kikigawanywa kwa 2: 50. Gawanya 67 kwa 50: 1.34. Fungua jedwali la mgawanyo wa kawaida nyuma ya kitabu, ukumbuke kuhesabu pande zote mbili, kwa maana vichwa vingeweza kuzidi au kupungua. Sarafu nyoofu ingetofautiana na nusu kwa kiasi hicho au zaidi katika majaribio kama 18 kati ya 100. Hakuna sababu ya kuishtaki sarafu ya Kerrich. Na mwanafunzi aliyeyapata haya kwa peni yake ameshafanya jaribio la dhana, sura ambayo mhadhiri ataifungua muhula ujao.