Mwigo wa kejeli na alama yake: jumbe za mzaha kuhusu Los Angeles Lakers

0. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitafuta kejeli ndani ya shairi, ngano na tamthilia. Makala haya yanaitafuta mahali pengine, yaani katika jumbe fupi za mzaha zinazotungwa kwenye mitandao ya kijamii kuhusu timu za kulipwa za mpira wa kikapu nchini Marekani. Mada hii si ngeni kwetu. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliingia katika ligi ya NBA mwaka 1991; Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alichaguliwa mwaka 2011. Anayefuata habari za ligi hiyo hupokea pia mizaha yake.

Swali letu ni moja: ni kitu gani kinachoutenga mwigo wa kejeli na uwongo mtupu? Tutajibu kwa kuchambua mifano mitatu, miwili kati yake ikihusu timu ya Los Angeles Lakers.

1. Mwigo uliofichwa

Tarehe 9 Novemba 2022 ulitokea kwenye Twitter ujumbe wenye jina na picha ya LeBron James, nyota wa Lakers. Ulisema kwamba anaomba rasmi kuhamishwa, ukawashukuru mashabiki kwa miaka waliyomuunga mkono, ukamalizia kwa kuaga. Haukuwa wake. Siku hiyohiyo mtandao ulikuwa umeanza kuuza alama ya buluu kwa takriban dola 8 kwa mwezi, na alama hiyo hapo awali ilithibitisha kwamba mwenye jina ndiye mwenyewe.

Tukiusoma kama kazi ya sanaa, tunaona kwamba mtunzi aliijua vizuri lugha anayoiiga: neno «rasmi», shukrani za heshima, ahadi ya mambo makubwa zaidi. Hata hivyo, hakuna kilichotiwa chumvi wala kilichogeuzwa. Dalili pekee ilikuwa katika jina la akaunti, ambamo herufi z ilikaa mahali pa s. Dalili hiyo ni ya jicho tu. Ukiyatamka majina hayo mawili, tofauti yao karibu inatoweka. Katika miji yetu, ambamo habari iliyosomwa na mmoja husimuliwa kwa kumi, herufi hiyo isingevuka hata kizingiti cha nyumba. Kwa maoni yetu, huo ulikuwa ughushi uliovaa nguo za mzaha.

2. Mwigo unaojitambulisha

Mfano wa pili ni ukurasa uitwao NBA Centel, ambao jina lake linaiga lile la NBA Central, ukurasa unaosambaza habari za ligi. Nao pia hubuni maneno ambayo wachezaji hawakuyasema, na umewanasa wengi. Lakini mashabiki wameunda kutokana na jina lake kitenzi chenye maana ya kudanganywa na ukurasa huo. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu. Hadhira inapoutungia mchezo kitenzi, imekwisha kuzikubali kanuni zake. Aliyenaswa huchekwa, kisha naye hucheka.

Hapa tunaukumbuka utani. Katika jamii kadhaa za Tanzania, mtani huweza kuja msibani na kuiga mwendo na usemi wa marehemu mbele ya wafiwa. Mwigo wake huweza kuwa kamili kabisa, lakini haumdanganyi mtu, kwa sababu wote waliohudhuria wanajua nani ni mtani wa nani. Ruhusa ya kucheka hutoka katika uhusiano unaojulikana. Asiye mtani akifanya hivyo, atafukuzwa, na pengine kupigwa. Mtandao, kinyume chake, huuchukua ujumbe na kuupeleka kwa watu wasiomjua mtani.

Aprili 2025 mtandao huo, ambao sasa unaitwa X, uliziagiza akaunti za mzaha ziweke mwanzoni mwa jina neno la kuzitambulisha. Kanuni hiyo inamlinda msomaji, lakini haimfundishi mtunzi kazi yake. Mwigo bora hubeba alama katika maneno yenyewe: shukrani zinazopita kiasi, malipo yasiyowezekana, «vyanzo» vinavyotoboa siri ya jambo lisilo na maana. Alama ya namna hiyo husafiri pamoja na ujumbe, hata unaposimuliwa au kutafsiriwa.

3. Ukweli uliodhaniwa mzaha

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025, mwandishi Shams Charania wa ESPN alitangaza kwamba Dallas Mavericks wanampeleka Luka Dončić kwa Lakers na kumpokea Anthony Davis. Dončić alikuwa na umri wa miaka 25 na mwaka uliotangulia alikuwa ameifikisha Dallas fainali. Habari ilikuwa ya kweli, lakini wasomaji wengi hawakuisadiki. Wengine walidhani akaunti ya mwandishi imeibwa, wengine wakaitafuta herufi iliyobadilishwa katika jina lake. Ilimbidi aandike tena kuthibitisha kwamba ni kweli.

Bila shaka, ubadilishanaji wenyewe ulikuwa wa kushangaza. Hata hivyo, kule kuichunguza herufi ya jina ni desturi ambayo miigo iliyofichwa imewafundisha wasomaji. Hasara ya ughushi haikuishia kwa waliodanganywa mwaka 2022. Ilimfikia pia msema kweli.

4. Hitimisho

Tumeona kwamba uwongo peke yake haufanyi kejeli. Kejeli huzaliwa pale ambapo msomaji anaweza kuutambua uwongo na kumcheka anayeigwa. Msomaji asipopewa njia ya kuutambua, anayechekwa ni yeye, na lugha iliyoigwa, iwe ya mwandishi wa habari au ya mchezaji, inabaki bila kukosolewa. Wanafunzi wetu wanaopenda kutunga jumbe hizi wajiulize kwanza: nikiusoma ujumbe wangu kwa sauti mbele ya mtu asiyenijua, je, atacheka?