Mwamba Usiokaa

Jina la sifa ni shairi fupi kuliko yote. Halina beti wala vina, ila lina istiari, lina mlengwa, na lina hadhira inayoitikia. Mashabiki wa Simba walipomwita kiungo Clatous Chama, Mzambia aliyejiunga nao mwaka 2018, "Mwamba wa Lusaka", walitunga shairi la namna hiyo. Swali la mhakiki ni moja: je, istiari hiyo iliweza kumbeba mtu huyo hata siku ya kuagana?

Kwa sikio la haraka, mwamba ni kitu kisichotikisika, na ushahidi upo. Desemba 2018, mchezo na Nkana ukielekea kwisha, kisigino cha Chama kiliivusha Simba hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Machi 2019 aliifunga AS Vita katika dakika za mwisho, Simba ikaingia robo fainali. Machi 2023 Horoya walipolazwa 7–0, matatu yalikuwa yake.

Lakini mwamba huo haukukaa. Agosti 2021 alikwenda RS Berkane ya Moroko. Januari 2022 akarudi. Desemba 2023 klabu ilimsimamisha kwa madai ya utovu wa nidhamu, kisha akarejea kikosini. Zilikuwapo siku alizoubeba mchezo peke yake, na siku ambazo shabiki aliuliza kama kweli yumo uwanjani. Julai 2024 akavuka kwenda Yanga, kwa watani wenyewe, ambako mara nyingi alitokea benchi.

Hapo ndipo shairi lilipotiwa majaribuni. Vinywa vilivyosifu viligawanyika: huku kejeli, huku kilio, huku nafuu ya aliyetua mzigo. Kejeli si ngeni katika fasihi yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijua kusifu na kudhihaki kwa kalamu ileile. Tofauti ni kwamba malenga hudhihaki akiwa bado anakumbuka, ilhali jukwaa hudhihaki ili lisahau. Shabiki anayedai kwamba Chama hakuwa kitu hamhukumu mchezaji. Anaufuta usiku wake mwenyewe wa furaha.

Istiari yenyewe ina hekima kuliko watumiaji wake. Mtu wa pwani anajua kwamba mwamba si jabali la nchi kavu tu. Upo mwamba wa baharini, ambao maji yakijaa hauonekani, yakipwa hujitokeza. Nahodha haulaumu kwa kujificha, wala hausahau kwa kuwa hauoni. Huujua mahali pake, akaupa heshima na tahadhari kwa pamoja. Kwa maana hiyo Chama alistahili jina lake kikamilifu. Alikuwa mwamba wa kupwa na kujaa. Kosa la jukwaa lilikuwa kulisoma jina kwa maana moja.

Sura iliyofuata ya kisa hiki ilipangwa kama na mtunzi. Juni 2025, katika uwanja wa Amaan, Unguja, Yanga iliifunga Singida Black Stars 2–0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Baada ya msimu huo Chama akaelekea Singida, nchi ya majabali, ambako mawe makubwa yamesimama kandokando ya maziwa Singida na Kindai, na uwanja una jina la Liti, shujaa wa Wanyaturu aliyewapinga Wajerumani. Huko watu wa mpira hujiita Walima Alizeti, na alizeti nalo, likiwa changa, hugeuka kufuata jua. Septemba 2025 Singida ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudani 2–1, Chama akiwa mfungaji.

Waliomuaga kwa moyo mmoja, wa chuki au wa mapenzi, walitoa nusu ya shairi. Aliyemuaga kwa mioyo miwili, akisema katika pumzi moja kwamba alitukera na kwamba tutamkosa, ndiye aliyelikamilisha. Sifa isiyoweza kubeba lawama ndani yake ni tangazo la biashara. Mwamba wa Lusaka ni jina linaloweza kuyabeba yote mawili, na kwa hiyo litadumu midomoni hata wachezaji wengine watakapokuwa wamekuja na kwenda.