Mafundi wa Nyuma ya Jicho

Retina ni utando wa nyuma ya jicho, usiofika unene wa nusu milimita. Ukibanduka, mwenye jicho huona kama pazia jeusi linashushwa. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, tiba ilikuwa zaidi ni kulala kitandani, macho yamefungwa, na kungoja. Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, hakuridhika. Alisisitiza kwamba chanzo ni tundu kwenye retina yenyewe. Akalitafuta, akaliziba kwa kuunguza pale pale. Wenzake walimbishia miaka mingi. Wagonjwa walioona tena hawakuwa na ubishi.

Ukabaki ule ute mzito unaojaza jicho, ambao wapasuaji waliogopa hata kuugusa. Robert Machemer, akiwa Miami, alijaribia kwanza kwenye ute wa yai (ndiyo, yai la kuku!), kisha mwaka 1970 akaingiza kifaa cha kukata na kufyonza ndani ya jicho la mgonjwa wa kisukari lililojaa damu. Ute ulipokuwa ukitolewa, majimaji yaliingizwa, jicho lisinywee. Ndiyo vitrektomi.

Siku hizi kuna vifaa vyenye upana wa nusu milimita tu, na vidonda vyake mara nyingi havihitaji uzi. Leza huchomelea kingo za tundu la retina. Gesi au mafuta ya silikoni huishikilia retina mahali pake. Mwenye gesi huenda akaagizwa alale kifudifudi siku kadhaa, na ndege hapandi mpaka gesi iishe: huko juu hutanuka, na presha ya jicho hupanda vibaya.