Safari Isiyofika: Mvuto wa Filamu Ndogo za Wahamiaji

Katika hadithi zetu nyingi, mhusika anayesafiri hurudi na kitu: mali, mke au akili. Filamu ndogondogo za wahamiaji huvunja kanuni hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo mvuto wake.

Tuchukue mifano miwili. Katika Stranger Than Paradise (1984) ya Jim Jarmusch, Willie ni mzaliwa wa Hungaria aishiye New York, na hataki hata kusemeshwa Kihungaria. Anasafiri kwa gari na rafikiye Eddie hadi Cleveland kwa binamu yake Eva, kisha wote watatu wanaelekea Florida. Barabara ni ndefu, lakini wanapokwenda kulitazama Ziwa Erie hawaoni kitu ila weupe wa theluji. Mandhari yenyewe ndiyo dhamira: umefika, na hakuna kitu.

Bongoland (2003) ya Josiah Kibira, Mtanzania aliyehamia Minnesota, si filamu ya barabara kwa maana hiyo. Juma Pondamali ameshafika Marekani. Kinachomsumbua ni makaratasi na kazi. Mimi naisoma kama safari iliyokwama. Hata jina la mhusika ni kejeli: methali inatuambia tuponde mali kwa kuwa kufa kwaja, lakini Juma ana mali gani ya kuponda?

Wapo watakaosema filamu hizi zimepooza, na kwamba sisi huku Wazo tumezoea ngumi za kwenye vibanda umiza. Sawa. Lakini mtaani kwetu nani hana ndugu au jirani aliye majuu, anayetuma picha amesimama kando ya gari? Picha ile haisemi gari ni la nani. Filamu ndogo, isiyo na tajiri wa kumridhisha, inathubutu kutuonyesha mbeba boksi akirudi chumbani kwake.

Ugomvi wangu na Kibira uko kwenye Bongoland II (2008), ambayo jina lake la ziada linadai kwamba hakuna mahali kama nyumbani. Jibu limelitangulia swali. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kusaka ujumbe, basi tukiupata mapema tunafurahi. Ila kijana anayekesha akiwaza kuzamia meli hana haja ya kuhubiriwa habari za nyumbani. Nyumbani anakujua vizuri, ndiyo maana anataka kuondoka. Anahitaji msanii wa kukaa naye njiani bila kumharakisha afike.