Kasi Inayoshikika: Namna ya Kuchagua Ubao wa Mapezi Mawili

Ubao wa mawimbi wenye mapezi mawili unakimbia; hilo halina ubishi, na ndilo wauzaji wanalolisifia usiku na mchana. Pezi la katikati likiondolewa, maji hupita chini ya mkia bila kizuizi, na ubao huteleza hata kwenye wimbi la kiunoni lisilo na nguvu. Lakini mnunuzi mwenye jicho haulizi kama ubao unakimbia. Anauliza kasi hiyo itashikwa na nini pindi wimbi litakaposimama wima. Jibu limo katika mkia, mbavu na namna mapezi yalivyopandwa. Hapo ndipo ubao mzuri unapoachana na ubao wa kupendeza macho.

Koo mbili

Mwaka 1967, huko San Diego, California, Steve Lis alichonga ubao mfupi, mnene, wenye mkia mpana uliogawanyika kama wa mbayuwayu, na chini yake mapezi mawili marefu ya mkuku. Aliuchonga kwa ajili ya kupanda mawimbi kwa magoti. Waliosimama juu yake baadaye waligundua kwamba unavuka sehemu zilizolala za wimbi ambako mbao nyingine hukwama. Ubao huo ukaitwa samaki, na jina hilo limedumu.

Ukoo wa pili ni wa Mark Richards wa Newcastle, Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliubana mkia na kuyasimamisha mapezi, kisha akatwaa ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Hata hivyo, mwaka 1981, Mwaustralia mwenzake Simon Anderson alishinda mashindano ya Bells Beach katika mawimbi makubwa akiwa na ubao wa mapezi matatu. Anderson alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na mkia wa mapezi mawili ulikuwa ukimponyoka. Mapezi matatu yakatawala tangu hapo, na ya mawili yakarudi sokoni kwa nguvu miaka mingi baadaye. Ubao wa kila siku unaofaa leo huchanganya koo hizi mbili: mbio za samaki na utii wa ubao wa Richards.

Lijue wimbi lako kwanza

Mwambao wa Kenya na Tanzania umekingwa kwa sehemu kubwa na Madagascar dhidi ya mawimbi marefu ya kusini, na yanayopenya huvunjwa na miamba ya matumbawe kabla ya kufika ufukweni. Kinachobaki msimu wa kusi mara nyingi ni wimbi la upepo: fupi, la harakaharaka, lenye mgongo uliovurugika. Wimbi la namna hii halikupi msukumo, kwa hiyo ubao lazima utengeneze kasi yake wenyewe. Mapezi mawili ni chaguo la busara hapa kuliko kwenye mawimbi makubwa yenye kina.

Ukipanda mawimbi ya kiunoni hadi kifuani, tafuta ubao unaokaribia urefu wako au unaopungua inchi chache. Kuhusu ujazo, mtu wa kilo 75 mwenye uzoefu wa kati huridhika na lita 31 hadi 34. Lita nyingi zaidi hurahisisha kupiga kasia kwa mikono na kulidaka wimbi, lakini ubavu mnene hukataa kuzama wakati wa kona. Muuzaji anayekushawishi kwa lita peke yake amekueleza nusu ya habari.

Mkia

Chukua futi ya kupimia. Kutoka mwisho wa mkia, panda inchi 12 kuelekea puani, kisha pima upana wa ubao mahali hapo. Samaki halisi mara nyingi hufika inchi 16 au kupita. Ubao wa kawaida wa mapezi matatu hukaa karibu na 14. Kwa matumizi mengi, lenga 15 hivi. Mkia mpana hukupa mwanzo wa haraka, lakini kwenye wimbi lililosimama maji huuinua na ubavu hung'oka. Mkia mwembamba kupita kiasi nao huua ile mbio uliyoifuata.

Tazama pia ufa wa mkia wa mbayuwayu. Ukiwa na kina cha kutosha, kila upande hufanya kazi kama mkia mdogo unaojitegemea: ukilalia kushoto, ncha ya kushoto ndiyo inayokamata maji. Ufa mfupi uliowekwa kwa urembo tu hausaidii lolote. Mkia wa mviringo nao si mbaya. Huo huviringisha kona vizuri na hushika zaidi mawimbi yanapokuwa makubwa.

Mapezi

Mapezi ya mkuku yana tako refu na kimo kifupi. Yanasukuma mbele kwa nguvu na kupenda kona ndefu, lakini hayataki kugeuzwa ghafla. Mapezi ya kusimama yana tako fupi na kimo kirefu. Hugeuka upesi na huingia majini kwa kina zaidi. Ubao wenye visanduku vya kubadilishia mapezi hukuruhusu kujaribu yote mawili, na kwa mnunuzi wa ubao mmoja hilo ni faida kubwa kuliko mapezi ya mbao yaliyogandishwa kabisa, hata yawe mazuri kiasi gani.

Sasa pima. Umbali kutoka pezi la kushoto hadi ncha ya mkia wake uwe sawa na wa kulia. Umbali kutoka kila pezi hadi uti wa mbao ulio katikati uwe sawa vilevile. Kisha linganisha mbele na nyuma ya pezi moja: mbele panapaswa kuukaribia uti zaidi, kwa kawaida milimita 3 hadi 6, ingawa mikuku ya kale hupandwa karibu sambamba. Tofauti ikiwa kubwa, ubao unageuka kwa wepesi lakini unavuta breki kwenye mstari ulionyooka. Pande mbili zisipolingana, ubao utapenda kona ya upande mmoja, na hakuna mazoezi yatakayoutibu.

Kisanduku kidogo cha pezi la tatu, dogo, karibu na mwisho wa mkia, usikidharau. Siku mawimbi yakipanda, pezi hilo la kidole hupunguza kuponyoka bila kuua kasi yote.

Mbavu na tumbo

Funga macho, pitisha viganja vyote viwili kwenye mbavu kwa wakati mmoja, kutoka puani hadi mkiani. Mikono hugundua kisichoonekana: uvimbe, bonde, upande mmoja mnene kuliko mwenzake. Mbele ubavu uwe wa mviringo. Kuanzia kwenye mapezi kwenda nyuma ukingo wa chini uwe mkali, ili maji yaachie. Ubavu laini hadi mwisho huyang'ang'ania maji, na ubao huhisika mzito hata ukiwa mwepesi.

Geuza ubao, uweke taa au dirisha ubavuni. Mwanga wa pembeni ndio mwanga wa karakana za mafundi, kwa sababu hufichua kila wimbi dogo tumboni. Katikati unatarajia bonde la kina kifupi, na nyuma, kati ya mapezi na baada yake, umbo la V lisilo kali. V hiyo ndiyo inayouwezesha mkia mpana kuhama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mkia mpana ulio bapa kabisa huenda kasi, ila huganda.

Mpindo wa ubao, yaani jinsi pua na mkia vinavyoinuka, uwe mdogo kuliko wa mashindano, lakini usiwe bapa kabisa. Wimbi la upepo lina shimo la ghafla, na pua isiyoinuka huzama humo.

Mkono wa fundi

Tabaka moja la faibaglasi la aunsi 4 chini na mawili juu ndiyo kawaida ya ubao mwepesi. Anayetaka udumu aombe tabaka la aunsi 6 juu, mahali visigino vinapokanyaga. Kwa ubao uliotumika, angalia pembeni mwa visanduku vya mapezi: nyufa za mviringo hapo huonyesha kwamba rezini imechoka. Bonyeza juu kwa dole gumba. Panapobonyea na kulia, faibaglasi imeachana na povu. Doa la njano lililosambaa kuzunguka pigo la zamani ni dalili kwamba maji yaliwahi kuingia.

Hatimaye muulize aliyeuchonga, au anayeuuza, swali moja: kwa nini mapezi yako hapo hasa? Fundi mzuri atakujibu kwa kuutaja mkia, mpindo na uzito wako katika pumzi moja, kwa sababu kwake vyote ni hesabu moja. Anayejibu kwamba ndivyo mbao za siku hizi zinavyotengenezwa amenakili umbo bila sababu yake, na kasi utakayoinunua kwake itakuponyoka kwenye kona ya kwanza yenye maana.