Ukimya nao una sarufi yake

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii humwandaa mtu kusubiri mshindo. Sasa basi, tuseme nini kuhusu kazi ya sanaa ambayo kimya chake hakiishii kwa mshindo wowote?

Swali hili limenijia nikisikiliza 'xx', albamu ya kwanza ya kundi la The xx kutoka London. Ilitolewa mwaka wa 2009 na kutwaa Tuzo ya Mercury mwaka uliofuata. Ina nyimbo 11, na zote kwa jumla hazifiki dakika 40. Waimbaji wake, Romy Madley Croft na Oliver Sim, ni marafiki wa tangu utotoni. Walizoea kutunga chumbani, kwa sauti ya chini, na hata walipopata studio ilikuwa gereji ndogo iliyogeuzwa, ambamo walirekodi aghalabu usiku. Ukiisikiliza leo, unaona kwamba ni mmoja wa wazazi wa muziki uitwao popu ya chumbani.

Muziki wenyewe ni mchache ajabu. Gitaa linadondoa noti mbili tatu, besi inaitikia, midundo ya mashine ya Jamie Smith inapita, kisha panabaki nafasi tupu. Wimbo wa kufungulia hauna hata neno moja.

Katika semina zetu za fasihi simulizi, wimbo kama huu hupewa hukumu ya haraka: eti maneno ni machache, kwa hivyo maudhui hakuna. Hoja hiyo siikubali. Tumejifundisha kuhesabu mizani na kutafuta vina, lakini ni nadra kuuliza kituo kinafanya kazi gani. Mghani yeyote hodari anajua kwamba pumzi anayoivuta kabla ya ubeti ni sehemu ya ujumbe. Msikilizaji huijaza.

Hebu usikilize 'Crystalised'. Mmoja anaimba, mwingine anajibu, kama watu wanaojibizana kwa adabu. Kuelekea mwisho sauti hizo mbili zinapandana, kila moja na maneno yake. Hakuna anayepaza sauti, ila unahisi kwamba hawa wawili wameacha kusikilizana. Ugomvi wote umeelezwa kwa kupunguza nafasi iliyokuwa kati yao.

Kuna jambo jingine linalomhusu moja kwa moja mpenzi wa Kiswahili. Romy na Oliver si wapenzi, na hawaimbiani mapenzi. Kila mmoja anamwimbia mtu wake. Nyimbo zao zimejengwa juu ya 'mimi' na 'wewe', na jinsia ya anayependwa haitajwi. Katika Kiingereza huo ni uamuzi wa kisanaa, kwa sababu ukifika nafsi ya tatu umoja lugha kwa kawaida inakudai useme kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili hakidai hivyo. 'Anapenda' ni yeyote. Uwazi ambao vijana hao waliutafuta kwa kukwepa, sisi tumeukuta umekwisha kufumwa katika kiambishi kimoja. Je, watunzi wetu wanautumia, au tunaharakisha kutaja jina, urembo na nguo ya mpenzi?

Sisemi albamu hii haina kasoro. Mwendo wake ni ule ule, na ukifika wimbo wa nane sikio linaanza kusinzia. Aidha, maneno yake hayana mahali: hakuna mtaa, wala jirani, wala mvua ya siku fulani. Yakiondolewa muziki yakawekwa kwenye karatasi, mengi yananyauka.

Hata hivyo, kunyauka huko kunatufunza kitu. Wimbo si shairi lililovikwa ala, na anayeuhakiki kwa kunakili maneno tu amehakiki nusu. Vijana wetu nao sasa wanarekodi nyumbani kwa kompyuta na kipaza sauti kimoja, wakiimba kwa kunong'ona. Tukiendelea kuwapima kwa wingi wa maneno, tutawaambia hawana la kusema, nao wataacha kutusikiliza. Mwalimu anayefundisha nyimbo muhula huu na aanze kwa kuwauliza wanafunzi wake: mwimbaji amenyamaza wapi, na kwa nini hapo?