Dug! Dug! Dug! Royal Enfield Classic 350 Yaingia Zagayu

Nimeiendesha! Nimeitoa Bariadi mjini, nikaifikisha Zagayu, na mdundo wake bado nausikia kifuani. Kama umezoea Boxer, weka kando kila unachokijua kuhusu pikipiki, halafu njoo tuongee.

Kwanza itazame. Tenki limeumbwa kama chozi, madigadi ni ya chuma, mapana, na ringi ni za spoku. Taa kubwa ya mviringo imevaa kofia ya chuma, na juu yake, kulia na kushoto, zimetokeza taa mbili ndogo. Sura hiyo Enfield wanayo tangu miaka ya 1950. Pikipiki yao ya kwanza ilitoka Redditch, Uingereza, mwaka 1901. Bullet ikazaliwa 1932. Mwaka 1955 kazi ya kuziunganisha ikaanza Madras, na India hawakuiacha hata viwanda vya Uingereza vilipofungwa. Kwa hiyo huu uzee unaouona ni wa damu kabisa, haukupakwa rangi na watu wa matangazo.

Sasa iwashe. Mungu wangu, ule mlio! Silinda ni moja tu, cc 349, na utamu wote uko kwenye safari ya pistoni: kipenyo chake milimita 72, lakini inapanda na kushuka milimita 85.8. Pistoni ya safari ndefu namna hiyo haina papara, kila pigo unalisikia peke yake. Nguvu za farasi ni 20 na kidogo, jambo ambalo wapenda mbio watalicheka. Wacheke. Msukumo wake, Nm 27, unafika kileleni injini ikizunguka mara 4,000 tu kwa dakika. Ndiyo maana nilipokutana na kundi la ng'ombe lililojaza njia, nilibaki gia ya tatu, nikapunguza mwendo, na walipopisha nikavuta resi kidogo ikaondoka laini, bila kuomba gia ya pili! Na hii injini, iliyoingia kwenye Classic mwaka 2021, ina shafti ya kusawazisha inayomeza mtetemo. Mdundo umebaki, ganzi ya mikono imeondoka. Hilo pekee lingetosha kunifanya niipende.

Kwenye lami, 80 ndiyo nyumbani kwake. Ukiipeleka zaidi ya 100 inakwenda, lakini raha inapungua, na sioni sababu ya kuilazimisha.

Tulipoiacha lami nilikaza meno. Kilo 195 kwenye changarawe! Lakini uzito ule ule niliouogopa ndio ulioituliza: tairi la mbele la inchi 19 lilipita juu ya mashimo madogo bila usukani kurukaruka. Mchanga mwingi unataka heshima, na breki ya mbele uiguse kwa vidole viwili tu. Masika sikushauri. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa, Boxer vijana wawili wataiinua. Hii mtaita kijiji.

Zagayu kwenyewe, kabla sijazima injini, kijiwe kizima cha bodaboda kilikuwa kimenizunguka. "Mwadila!" wakanisalimu. Wakagusa tenki, wakachungulia injini, na kijana mmoja akainama upande wa kulia akitafuta kitu. "Ngosha, kiki yake iko wapi?"

Haipo! Ni starta ya kitufe tu, na hapo kijana alishika penyewe. Mafuta yanaingia kwa umeme, hivyo betri ikifa mbali na mji una kazi. Ningeikubali kiki hata kwa kuongezewa kilo. Upande mwingine, ringi za spoku zinabeba tyubu, na pancha ya tyubu inazibwa na fundi yeyote wa baiskeli, na Usukumani baiskeli hazijawahi kukosa fundi.

Ningebadilisha matairi, niweke yenye meno, na kioo cha upande wa kushoto nikipandishe kidogo. Basi! Kiti, taa, sauti, visiguswe. Tenki linabeba lita 13, injini hii haina uchu wa mafuta, na kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami tupu. Kesho alfajiri naijaza.